Mombasa 1994: nilikalia mkeka wa matanga na nyuzi mbichi, na bado nikazaa tena njia ya kawaida

Alhamisi, tarehe 9 Juni 1994, baada ya sala ya alasiri, mwanangu wa kwanza alifariki. Aliishi saa nne. Babake alimpa jina la Salim, kwa sababu mtu hazikwi bila jina.

Siku hiyo hiyo nilipoteza na kitu kingine, kidogo, ambacho hakifanyiwi matanga: uwezo wa kuketi.

Wakuu, salamu zenu nyote.

Mimi ni mwanamke wa Mombasa, Mji wa Kale. Shule niliishia darasa la nane, kwa hiyo anayetafuta maneno ya kidaktari asinisumbue. Nitakayoyasema yalinipata kwenye mwili huu ninaokalia sasa. Nisipojua kitu nitasema sijui. Mods wakiona mada si ya jukwaa hili waihamishe, ila wasiifute. Nimeikalia kimya miaka mingi, na safari hii neno "kukalia" nalitumia kwa heshima.

Naandika kwa sababu binti yangu ana mimba yake ya kwanza. Juzi ameniuliza, "Mama, wakinikata, nitapona?" Mimi wakati wangu sikuwa na wa kumwuliza swali hilo.

Tuanze.

Kwa wasiojua: mtoto akikaribia kutoka, mkunga anaweza kukukata kwa mkasi hapo chini ili njia ipanuke, kisha akakushona. Sisi tunaita kuongezewa njia. Jina zuri sana. Ungedhani ni kazi ya manispaa.

Wakati ule, wodi niliyokuwa mimi, kila mwenye mimba ya kwanza aliongezewa. Hukuulizwa. Nilisikia mkasi kabla ya kusikia maumivu, kisha sauti ikasema, "Tayari, sukuma." Nikasukuma. Salim akatoka kimya, akalia baadaye kidogo, sauti nyembamba, na kufikia alasiri hakuwepo.

Sababu ya kifo chake sijui. Niliambiwa pumzi. Simlaumu mtu na sitaji hospitali.

Nilishonwa nyuzi sita. Kesho yake nikaruhusiwa. Maelekezo niliyopewa kuhusu kidonda ni haya: "Pole, mama."

Sasa njooni nyumbani.

Tulikuwa tukikaa Kibokoni, ghorofa ya pili, na mavyaa wangu, yaani mamake mume wangu. Mume wangu Swaleh alikuwa akifanya kazi gatini Mbaraki. Mavyaa alikuwa mwanamke wa watu, msafi, mwenye sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia. Amezaa watano, wote hai, na hilo hatukuruhusiwa kulisahau.

Alikuwa na namna yake ya kuketi: upande mmoja, miguu ameilaza, ameegemea mkono wa kushoto, kama mke wa sultani anayesubiri kupigwa picha. Mtaa mzima ulijua ni maringo. Mimi pia.

Kwetu, mwanamke akizaa huitwa mzazi, na mzazi ana cheo. Siku arobaini hafanyi kazi. Anafungwa tumbo, anapikiwa uji wa pilipili manga, na mkandaji anakuja kila asubuhi kumkanda kwa maji ya moto. Mkandaji wetu, Bi Tima, alikuwa ameshaagizwa tangu mimba ya miezi saba.

Ijumaa hiyo, Salim ameshazikwa, Bi Tima alifika mlangoni na kikapu chake. Nikamsikia mavyaa akimwambia:

"Rudi nyumbani, Bi Tima. Mkandaji hukanda mzazi. Hapa pana mfiwa."

Yaani nilikuwa mzazi kwa saa nne, kisha nikahamishwa idara.

Na mfiwa, wakuu, haketi kitandani. Mfiwa huketi chini, kwenye mkeka, siku tatu, mkabala na mlango. Kila mwanamke anayeingia kutoa mkono wa tanzia unajiinua nusu, unamkumbatia, unarudi chini. Anayefuata, vivyo hivyo. Mweleze mtu mwenye nyuzi sita za jana zoezi hilo, halafu mwulize kama anapenda michezo.

Swaleh alinionea huruma. Jioni ile alirudi na mpira wa ndani wa gurudumu la toroli, ameujaza upepo nusu.

"Ukalie huu," akasema. "Madereva wa malori wenye bawasiri ndivyo wafanyavyo."

Nusura nicheke, na mtoto wangu hajamaliza siku moja kaburini.

Mavyaa akaingia. "Ni nini hicho?"

"Mpira, mama. Wa kukalia."

"Watu waje kutoa tanzia wamkute mkamwana wangu amepanda gurudumu?"

"Mama, ana nyuzi."

"Nani hana? Mimi nimezaa watano. Ushaniona nimepanda gurudumu?"

Akauchukua ule mpira, akaondoka nao. Sikuuona tena kwa muda mrefu. Kumbukeni huo mpira.

Nikaketi mkekani.

Faraja nilizopewa siku zile tatu zilikuwa nyingi, naomba niwagawie. Mmoja aliniambia afadhali ameondoka mdogo, hukuwahi kumzoea. Miezi tisa alinipiga mateke chini ya mbavu, lakini sawa, hatukuwa tumejuana. Mwengine akasema nisilie sana, maziwa yatakatika. Sikumwuliza maziwa ya nani. Wa tatu akaniambia bado kijana, utapata mwengine, kama niliyepoteza ndala sokoni.

Kuhusu kidonda hakuna aliyeuliza. Mfiwa hana kidonda. Mfiwa ana majonzi tu.

Siku ya tatu, hitima ikisomwa, niliinuka nusu kumkumbatia mama mmoja mnene mwenye mapenzi mengi. Aliniegemea. Nikahisi kitu kimeachia huku chini, kama kifungo cha nguo kinapokatika. Kisha kingine. Kisha joto.

Sikusema kitu. Dua ilikuwa haijafika amin, na pilau ilikuwa imeshapakuliwa.

Siku mbili baadaye nilikuwa na homa, na harufu ambayo hata udi wa mavyaa haukuishinda. Swaleh akanirudisha hospitali. Tabibu akaangalia, akaguna.

"Ulikuwa ukikalia nini?"

"Mkeka."

"Siku ngapi?"

"Tatu."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa mfiwa."

Akaandika kwenye kadi, nadhani dawa ya usaha, maana ya msiba hawakuwa nayo.

Wakaniambia hawawezi kushona tena kwa kuwa pameshaoza, paachwe pajifunge penyewe kutoka ndani. Dawa za kumeza. Maji ya vuguvugu na chumvi kidogo, mara tatu kwa siku na kila nikitoka chooni. Nipanguse kwa kugusa, nisisugue. Nilale kwa ubavu.

Ilichukua wiki saba. Choo kilikuwa adhabu, kila siku nilikunywa maji na kula mapapai kama popo. Mwishowe palifunga, pakabaki kovu gumu, limepinda, kama mshono wa gunia.

Na kwa kuwa niliahidi ukweli: karibu mwaka mzima Swaleh na mimi tulilala kama ndugu. Kila alipogeuka kitandani nilikakamaa. Hakunilazimisha hata siku moja. Wanaume wa humu wanaosema haiwezekani, inawezekana, na hakufa.

Mwaka 1996 nikapata mimba.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba Kibokoni ina madaktari wengi kuliko hospitali zote za mkoa. Jirani wa ghorofa ya juu, Bi Sauda, alinikamata ngazini.

"Mwanangu, wewe usithubutu kuzaa huko chini. Pale pameshachakaa. Utachanika mpaka mgongoni."

"Nifanyeje?"

"Upasuliwe tumbo. Ndio salama."

Bi Sauda alikuwa fundi cherehani, kwa hiyo mambo ya mishono alikuwa na ujuzi nayo.

Mzaha kando, nilikuwa na hofu mbili. Ya kwanza, nimpoteze na huyu. Ya pili, ambayo nilikuwa naona haya kuitaja mbele ya ile ya kwanza, ni kukatwa tena pale pale na kurudi kwenye zile wiki saba. Nilitaka mtoto atoke mzima na mimi niweze kuketi nimnyonyeshe. Ndilo ombi langu lote. Nililiona kubwa mno, nikawa naliomba kwa vipande.

Nikaenda kliniki moja ndogo Tudor yenye chumba cha kujifungulia. Mkunga wa pale nitamwita Kadzo. Mgiriama, Mkristo, mwili mdogo, sauti kubwa. Mavyaa alinisindikiza, bila kualikwa, akaketi kwenye kiti kwa ule upande wake.

Kadzo akafungua kadi. "Mimba ya ngapi?"

"Ya kwanza," mavyaa akajibu.

"Ya pili," nikasema.

Mavyaa akanigeukia taratibu. Miaka miwili jina la Salim halikutajwa nyumba ile. "Sista," akasema, "aliyekufa hahesabiwi."

"Mama yangu, mimi nahesabu waliopita mlangoni. Walikokwenda baadaye ni kazi ya Mungu." Akaandika mbili.

Mavyaa akaikazia macho ile kadi. Nilidhani amekasirika.

Kadzo akanipeleka nyuma ya pazia, akaniangalia. Muda mrefu. Mimi nikitazama dari na kungoja hukumu.

"Nani alikushona hivi?"

"Hakuna. Palijifunga penyewe."

"Basi pamejitahidi. Gumu kidogo, limepinda, lakini limeshika. Kovu si zipu, mama, halifunguki kwa sababu tu mtoto amebisha hodi."

"Sitapasuliwa tumbo?"

"Mtoto akikaa vibaya, ndiyo. Akichoka, ndiyo. Kwa kovu hili peke yake, la."

"Utanikata tena?"

"Si lazima. Wengi waliokatwa mara ya kwanza huzaa wa pili bila mkasi. Unaweza kuchanika kidogo, sikudanganyi, na nitakushona. Nikiona lazima nikate, nitakwambia kabla sijashika mkasi. Ila sikia." Akavuta pazia ili mavyaa asikie vizuri. "Baada ya hapo utalala kwa ubavu. Usiketi chini kwa ajili ya mtu yeyote. Hata afe nani."

Mavyaa akakohoa.

Mwezi wa mwisho Kadzo alinifundisha kupaka mafuta pale kwenye kovu, vidole visafi, dakika chache kila jioni, nilainishe taratibu. Siku ya pili yake nikakuta kichupa cha mafuta ya nazi mlangoni mwa chumba changu. Yalikuwa bado na joto la jikoni. Mavyaa alikuwa ameyapika mwenyewe. Hakusema ni ya nini, nami sikuuliza. Ndivyo tulivyokuwa tukiongea.

Uchungu ulinianza asubuhi, mwezi wa Oktoba. Kufika adhuhuri nilikuwa kitandani kwa Kadzo, nimelala ubavu, si chali kama mara ya kwanza. Alinishikia kitambaa cha maji ya moto kiasi pale chini. Niliposikia kovu linavutika nikapiga kelele kwamba linaachia.

"Haliachii! Usisukume sasa. Puliza. Puliza kama chai ya moto!"

Nikapuliza chai zote za mikahawa ya Makadara.

"Tena. Taratibu. Muache aje mwenyewe, hana basi la kuwahi."

Akaja. Msichana. Alilia kabla hajamaliza kutoka, sauti ya ugomvi kabisa, na ile sauti ndiyo iliyonifungua kifua.

Neno langu la kwanza kama mama halikuwa la mapenzi. Niliuliza, "Umenikata?"

Kadzo akanionyesha kwa kidevu. "Mkasi ule pale, mkavu. Umechanika kidogo juu juu. Nyuzi mbili."

Nikalia. Wote walidhani ni furaha, na kweli ilikuwepo. Lakini nilikuwa namlilia Salim. Nilikuwa sikumlilia vizuri mara ya kwanza, nilikuwa na kazi ya kupokea wageni.

Nyuzi mbili zile zilipona kwa wiki mbili. Vuguvugu na chumvi, kupangusa kwa kugusa, ubavu, mapapai. Siku ya kumi niliketi kwenye kiti cha mbao, wima, nikanyonyesha. Nilikaa pale mpaka kiti kikaniumiza kama kinavyomwumiza mtu yeyote wa kawaida. Raha iliyoje.

Niliyojifunza nayasema kwa haraka, maana mimi si mwalimu. Kukatwa mara moja si hukumu ya kukatwa tena, wala ya kupasuliwa tumbo. Ila kila mwili na mambo yake, kwa hiyo mwulize mkunga wako, usimwulize fundi cherehani. Mkunga hajakwambia? Mwulize wewe, mapema, kabla uchungu haujakuondoa adabu. Ukiona homa, usaha, harufu, au nyuzi zimeachia, rudi hospitali siku hiyo hiyo, hata kama pilau imepakuliwa. Na mwanamke aliyefiwa na mtoto wake amezaa. Mwili wake haujui kwamba kuna matanga. Mpeni kitanda, mkandeni, mwulizeni kidonda.

Waliopitia haya waandike hapa chini, hata kwa mstari mmoja. Wenye maswali waulize, nitajibu ninalolijua. Wenye kebehi nao wakaribie, nimeshafanyiwa kebehi na wataalamu.

Nimebakisha kitu kimoja.

Arubaini yangu safari hii mavyaa aliisimamia kama askari. Bi Tima alikuja kila asubuhi. Wageni wakigonga nilimsikia mlangoni: "Amelala. Mtoto mtamwona siku nyingine." Mama mmoja akalalamika kwamba ametoka mbali, akajibiwa, "Basi unajua njia ya kurudi."

Wiki ya tatu nilikuwa natafuta kanga kuukuu za kufanya nepi. Nikaingia chumbani kwa mavyaa, jambo ambalo kwa kawaida sikulifanya. Juu ya kiti chake palikuwa na mto wa mviringo, umeshonewa foronya ya kanga, mshono mzuri. Nikauinua niangalie chini yake. Ulikuwa mzito, na pembeni kipande cha chuma kilikuwa kimetokeza.

Ni valvu ya kutilia upepo gurudumu la toroli.

Nikabaki nimeushika. Mavyaa akatokea mlangoni.

"Usiutoe upepo," akasema.

"Mama, si ule wa Swaleh huu?"

"Ndio huo."

Akanipokonya, akauweka kitini, akaketi juu yake. Akaketi wima. Miaka yote ile sikuwahi kumwona ameketi wima. Akainyoosha kanga magotini, akainyoosha tena, ilhali haikuwa na kunjo hata moja.

"Yule sista wako wa Tudor," akasema, "huwaangalia na wazee?"

Jumatatu yake tulikwenda, mimi na yeye na mtoto mgongoni. Kadzo hakuuliza mengi. Alitoa kadi mpya, akaandika jina, akaandika mtaa.

"Mama, umezaa mara ngapi?"

Mavyaa alitazama dirisha, kisha akanitazama mimi, kisha mikono yake iliyokuwa juu ya buibui. Akafungua vidole vyote vya mkono wa kulia. Akangoja kidogo. Akafungua na viwili vya kushoto.

"Saba," akasema.

Kadzo akaandika saba.